Maswali ya Wasomaji: Kuchora Katuni Mchana, Kuchekesha Jukwaani Usiku

Mwezi huu nimepokea barua tatu zinazozungukia jambo moja, nami nimeona heri nizijibu pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu mengi yanayoulizwa na wale wawili yana mzizi wake humo.

Swali, kutoka Mwanza: Shikamoo Mzee. Mimi ni kijana wa miaka 27, mkazi wa Nyamagana. Ninachorea gazeti moja la Dar es Salaam katuni nne kwa wiki, na ninalipwa kwa kila katuni inayochapishwa. Tangu mwaka juzi ninapanda pia jukwaani siku za Ijumaa kufanya stendapu kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Taabu yangu ni kwamba upande mmoja ukinawiri, wa pili unalegea. Nikiwa na shoo, katuni ya Jumamosi inatoka dhaifu. Wiki ikiwa na habari nzito, napanda jukwaani nikirudia vichekesho vya mwezi uliopita, na ninajisikia kama ninawaibia watu kiingilio chao. Nimejaribu kugawa siku yangu nusu kwa nusu, haikusaidia. Kaka yangu ananiambia mshika mawili moja humponyoka. Je, nichague moja?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usichague, walau si sasa, kwa kuwa sioni katika barua yako dalili ya mtu aliyeshindwa na kazi mbili. Ninaona mtu anayezifanya zote mbili kana kwamba ni moja. Kaka yako anakuonea huruma na ana haki ya kuogopa. Lakini ule mpango wa nusu kwa nusu ulikushinda kwa sababu upungufu wako si wa saa. Katuni ya gazeti na kichekesho cha jukwaani vinakwenda kwa majira tofauti kabisa, na mtu asiyelitambua hilo atachoka hata akiongezewa siku ya nane katika wiki.

Katuni ya habari huzaliwa asubuhi, huchapishwa usiku, na kesho yake jioni tayari imefungiwa maandazi. Nguvu yake iko katika kuwahi. Ukichora kupanda kwa nauli siku ile abiria wanapogombana na kondakta, kila mtu anajiona ndani ya mchoro. Ukiichora baada ya wiki mbili, hata kama mistari yako ni mizuri zaidi, imekwisha kuwa kumbukumbu. Kichekesho cha jukwaani kina tabia iliyo kinyume. Siku ya kwanza kinatoka kibichi, na hakiivi mpaka kisemwe mbele ya watu mara nyingi, mahali hapa neno likiondolewa, mahali pale pumziko likirefushwa, mpaka siku moja unagundua kwamba sentensi uliyoipenda kuliko zote ndiyo iliyokuwa ikikizuia. Dakika kumi zilizokamilika zinaweza kumgharimu mchekeshaji mwaka mzima.

Ndiyo maana ile sehemu ya barua yako inayosema unajisikia kama mwizi unaporudia vichekesho vya mwezi uliopita ilinigusa sana. Kurudia ndiyo kazi yenyewe. Umebeba sheria ya chumba cha habari, inayodai kitu kipya kila kukicha, ukaipeleka ukumbini isikohusika, kisha unajihukumu kwayo. Ukifuta aibu hiyo, nusu ya mzigo wako itakuwa imeshuka. Kinachotakiwa ni kwamba katika zile dakika kumi na tano, kumi na mbili ziwe zimekwisha kupimwa, na tatu ziwe mpya zinazojaribiwa katikati, mahali ambapo zikianguka zitabebwa na zilizotangulia na zinazofuata.

Kutokana na hilo unaweza kuamua kipi kiende wapi. Habari za leo zipeleke kwenye karatasi. Jukwaani peleka yale yasiyochakaa: malezi, mashemeji, mikopo ya vikoba, safari za basi, na utani wetu wa makabila, ambao ni hazina iliyotutangulia kwa mbali, kwa maana Wazaramo na Wanyamwezi walitaniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na hakuna aliyehitaji maiki. Utani una adabu zake ambazo mchekeshaji anapaswa kuzijua: unamtania yule mwenye haki ya kukurudishia. Kwenye ukumbi haki hiyo haipo kwa sababu wewe ndiye uliyeshika maiki, na kwa hiyo ni wajibu wako kujitania wewe na watu wako kwanza, kabla hujawagusa wengine. Katuni hufuata adabu nyingine, kwa kuwa humlenga mwenye madaraka ambaye hayupo mbele yako na mwenye njia nyingi za kujibu.

Tuje sasa kwenye wazo lenyewe, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilichora foleni ya ndoo kwenye bomba la mtaa, ndoo zimepangwa mpaka zinapotelea mbali, na ile ya mwisho kabisa, ndogo kama punje, imefungwa tai. Hapakuwa na neno hata moja. Wasomaji waliipenda mno, nami nikadhani nimepata kichekesho cha bure cha jukwaani. Niliisimulia Ijumaa iliyofuata, ndoo kwa ndoo, hadi kwenye tai, na ukumbi mzima ukanyamaza. Nilichukua muda mrefu kuelewa sababu. Katika mchoro, jicho la msomaji lilitembea lenyewe na kuigundua tai, na furaha ilikuwa katika kuigundua. Jukwaani mimi ndiye niliyeishika na kumkabidhi mkononi. Mchoro hutoa kila kitu kwa mara moja na kumwachia mtazamaji atafute, lakini masimulizi hutoa kidogo kidogo na kuficha mwisho. Jaribio la kinyume nalo lilinifundisha. Nilikuwa na kichekesho kuhusu shangazi anayepokea simu kwa sauti tatu: moja ya wageni, moja ya watoto, na moja ya mdai. Ukumbini kilifanya vizuri kila mara. Nilipokichora katika visanduku sita, nilipata mwanamke yule yule ameshika simu ile ile mara sita.

Tangu hapo nina kipimo ninachokitumia kabla ya kuamua, na ninakupa wewe bila malipo. Chora rasimu, kisha funika maneno yote kwa kiganja. Ikiwa bado inachekesha, ni ya karatasi. Fumba macho, isimulie kwa sauti bila kupunga mkono. Ikiwa bado inachekesha, ni ya jukwaa. Yale machache yanayofaulu mitihani yote miwili yaweke akiba, usiyatumie kwa pupa.

Usidhani kwamba kuhamisha ucheshi kutoka kwenye karatasi ni jambo la mtu mmoja na usiku mmoja. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kuchorea Daily Nation ya Nairobi mwaka 1992, alipotaka wanasiasa wake watembee na kuzungumza, mwaka 2009 ulizaliwa XYZ Show wa vikaragosi vya mpira kwenye televisheni, na humo kulihitajika waandishi, waendesha vikaragosi na waigizaji wa sauti. Mchoraji hodari kuliko wengi katika ukanda huu alihitaji kikosi kizima. Kwa upande mwingine, Masoud Kipanya amejulikana Tanzania kwa yule panya mdogo wa katuni zake na kwa sauti yake ya asubuhi katika Clouds FM, na mimi huamini kwamba mseto wake ulisimama kwa sababu redio ya asubuhi na katuni ya gazeti zina majira yanayofanana: zote mbili hula habari za siku ile ile. Mchoraji anayeongeza redio anaongeza kazi iliyo jirani. Wewe umeongeza jukwaa, ambalo liko mbali zaidi, na kwa hiyo mpango wako lazima uwe mwingine.

Mpango wenyewe nitauweka kwa namna ninavyouona mimi, nawe utaubadilisha kulingana na mhariri wako. Saa za kutafuta wazo la katuni zilinde kama mboni ya jicho, na ziwe asubuhi, baada ya kusikiliza taarifa ya habari na kupitia magazeti. Wakati huo usifikirie jukwaa kabisa. Chora rasimu tatu za penseli, zitume mapema, mwache mhariri achague. Baada ya hapo inabaki kazi ya kupiga wino, na hapa kuna neema ambayo wachoraji wengi hawaitumii: kupiga wino ni kazi ya mkono, kichwa na ulimi viko huru. Mimi nilikuwa nikipiga wino huku nikisema seti yangu, yaani vichekesho vyote vya shoo moja, kwa sauti kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mara nne au tano katika alasiri moja. Siku nyingine nilikuwa nikisikiliza rekodi ya simu ya Ijumaa iliyopita, nikiweka alama kwenye kipande cha karatasi kila mahali ambapo watu walicheka nisipotarajia. Kazi mbili ziliingia katika saa moja bila kugombana, jambo ambalo haliwezekani kamwe katika saa ya kutafuta wazo.

Kuhusu Jumamosi, ongea na mhariri wako. Anayeshuka jukwaani saa sita usiku hulala saa nane, kwa sababu damu haitulii upesi, na katuni ya asubuhi yake huchorwa na mtu aliyechoka. Mwombe siku yako ihamie Jumatatu, au umpe mapema katuni moja isiyofungwa na habari, kama vile ya mvua za masika au ya shule kufunguliwa. Wahariri wengi hukubali wakiambiwa mapema. Wanachokichukia ni kupigiwa simu saa kumi jioni ukurasa ukiwa wazi.

Neno moja la fedha. Gazeti hulipa kidogo, tena kwa kuchelewa, lakini hulipa kwa mwendo unaoweza kuutabiri. Jukwaa mara hulipa vizuri, mara hukupa ahadi tu. Katika hali hiyo utajikuta unaitwa kuwa mshereheshaji wa sendofu na harusi, kwa sababu waandaaji wameshakuona ukichekesha, na ujira wa usiku mmoja wa harusi unaweza kuzidi katuni zako za mwezi. Pokea, maana kodi ya nyumba haingoji. Lakini ushereheshaji ni kazi ya tatu, wala usiuhesabu kuwa ni stendapu. Desemba moja yenye harusi kila wikiendi inatosha kuzima kalamu na seti kwa pamoja, na nimewaona vijana wenye kipaji kikubwa wakitokomea humo bila wao wenyewe kujua ni lini walipoacha kuchora.

Swali, kutoka Arusha: Shikamoo. Mimi ni dada mchoraji, nina shoo tatu tu za stendapu. Mwandaaji mmoja anataka nichore papo hapo jukwaani huku nikichekesha, akisema itanitofautisha na wengine. Ninaogopa kwamba itakuwa kiini macho tu. Unanishauri nini?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Jambo hili lina historia ndefu na yenye heshima kuliko mwandaaji wako anavyojua. Mwaka 1906 Winsor McCay, mchoraji wa New York aliyekuwa tayari maarufu kwa katuni za Little Nemo katika gazeti la Herald, alipanda jukwaani akiwa na ubao na chaki, akachora michoro 25 katika muda wa dakika 15 huku muziki ukipigwa, akimwonyesha mwanamume na mwanamke tangu utoto wao hadi uzee wao, sura moja ikigeuka kuwa nyingine. Mwaka 1914, huko Chicago, alisogea mbele zaidi: alisimama kando ya pazia la sinema akiwa na mjeledi, akamwamuru mnyama wa kale aliyemchora mwenyewe, Gertie, ainame na ainue mguu, na mnyama akatii. Katika zama zetu Mmarekani Demetri Martin amejenga sehemu ya stendapu yake juu ya karatasi kubwa zilizowekwa kwenye kiegemeo cha kuchorea, lakini michoro yake huwa imekwisha kuchorwa. Yeye hufunua ukurasa, huelekeza kwa kijiti na kusema maneno machache.

Linganisha wawili hao na utaona swali lako liko wapi. Anayechora papo hapo huwapa watu mgongo, na ukumbi ukiona mgongo kwa sekunde ishirini huanza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo, ikiwa utakubali, weka ubao upande wa mkono unaochorea na usimame ubavu. Chora mistari hafifu ya penseli nyumbani, isiyoonekana kutoka kwenye viti, ili jukwaani mkono uende bila kusita. Tumia kalamu nene yenye wino mweusi, kwa sababu aliye kiti cha nyuma haoni unywele wala mkunjo wa shati. Na zaidi ya yote, panga mistari yako ili ule wa mwisho kabisa ndio unaobadilisha maana ya picha nzima: watu waone chungu, wabishane moyoni kuwa ni chungu, kisha uongeze mstari mmoja na kiwe kipara cha mwenyekiti wa kikao. Huo si kiini macho. Mchoro wa namna hiyo umekuwa masimulizi, kwa kuwa umeficha mwisho wake kama kichekesho kinavyoficha.

Ila kwa shoo tatu tu ulizonazo, ningekusihi kwanza ufikishe dakika kumi zinazosimama kwa maneno peke yake. Ubao ukianguka au kalamu ikikauka, uwe na kitu cha kusema.

Swali, kutoka Mombasa: Shikamoo Mzee wangu. Nimeajiriwa na gazeti moja kama mchora vibonzo. Mhariri alisikia kwamba ninafanya vichekesho kwenye ukumbi mmoja wa Nyali, na sasa ananiambia niache, akidai kwamba mimi ni uso wa gazeti na kwamba hata vichekesho hivyo ni mali yao. Mkataba wangu hausemi chochote kuhusu jukwaa. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nirudi kwa yule yule McCay, kwa maana naye yalimkuta. Mwaka 1911 alihamia katika magazeti ya William Randolph Hearst, ambaye alimtaka kwenye meza ya kuchora, na hakupendezwa na mchoraji aliyekuwa akizunguka kumbi za miji. Mwaka 1914 alibanwa asiigize nje ya eneo la New York, na mwaka 1917 akatakiwa kuliacha jukwaa, isipokuwa kwa ruhusa ya mara moja moja. Jambo ninalotaka ulishike ni hili: Hearst alimwongezea mshahara kufidia pato alilolipoteza. Hata tajiri yule mkali alikiri kwamba alichokuwa akikichukua kilikuwa na bei. Mwajiri wako anataka akichukue bure.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasaidia kuyatenganisha mambo. Kazi uliyoifanya katika kutekeleza ajira yako, yaani vibonzo unavyowachorea, haki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa kama mlikubaliana vinginevyo. Ndiyo kusema usivionyeshe vibonzo hivyo jukwaani, wala usivichapishe kwenye fulana za shoo, bila idhini yao. Hapo mhariri wako atakuwa na haki. Lakini vichekesho ulivyovitunga nyumbani, nje ya saa za kazi, ambavyo hukuajiriwa kuvitunga, ni jambo jingine. Hata hivyo sheria hiyo hailindi utungo uliobaki kichwani; ni lazima uwe umeandikwa au umerekodiwa. Hili wachekeshaji wengi hulipuuza, na huumia sana wanapovisikia vichekesho vyao vikisemwa na mtu mwingine. Andika seti yako yote kwenye daftari, tia tarehe kila ukurasa, hifadhi rekodi za sauti, na ukiweza uisajili kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Kisha usigombane na mhariri kwa mdomo. Mwandikie barua fupi ya heshima ukisema kwamba unafanya stendapu usiku wa siku fulani, nje ya saa za kazi. Kwamba hutatumia vibonzo vya gazeti wala kulitaja jina lake jukwaani. Kwamba hutasimulia ukumbini yale yanayosemwa katika kikao cha wahariri. Na kwamba kazi zako zitafika kabla ya saa waliyoiweka. Jambo la tatu ndilo linalowatia wahariri hofu kuliko yote, ijapokuwa mara nyingi hawalitamki. Mwombe akujibu kwa maandishi. Akikubali, mwombe aliingize katika mkataba utakapohuishwa. Akikataa, mwulize kwa upole ataongeza kiasi gani kwenye mshahara kufidia usiku huo, na kabla ya kutia saini chochote kipya mwonyeshe karatasi hizo wakili anayejua mambo ya ajira.